Bati lililovuja masika mawili

Aprili hapa Moshi haina adabu: asubuhi Kibo kweupe, saa tisa upepo na mvua ya kukata na shoka. Chumba changu cha mtaa wa Pasua kilivuja masika mawili. Fundi alipaka lami, jua la Januari likaipasua. Nikapanda mwenyewe. Kumbe misumari ilipigwa bondeni mwa bati, palepale maji yanapopita, na upepo ulishailegeza! Nikaing'oa, nikaziba matundu kwa silikoni, nikapiga mipya mgongoni, kila mmoja na kipande cha tyubu ya baiskeli chini ya kofia. Pembezoni nikaongeza, maana upepo huanzia huko kunyanyua bati. Ndoo imerudi bafuni. Sasa mama mwenye nyumba anauliza nitapanda lini kwake.