Tulivyoirekodi albamu ya malale ndani ya stoo ya kahawa

Bendi yetu ya roki iliamua kurekodi albamu nzima ya Kiswahili yenye hadithi moja, ya malale, ule ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o. Nianze na washauri, maana waliniudhi kuliko gharama. Mmoja aliniambia roki haina watu Kampala. Wa pili akasema siku hizi hakuna anayesikiliza albamu nzima, toeni singo ya dakika mbili na nusu yenye kipande cha kuchezea. Wa tatu, na huyu ni rafiki yangu kabisa, akasema Kiswahili Uganda ni lugha ya wanajeshi na wezi, imbeni Kiingereza au Luganda mpate shoo. Nikamwambia ahsante, umetusaidia. Hadithi yetu ina askari anayeingia kijijini na amri mkononi, na mpiga dramu wetu amekulia kambi ya jeshi. Kiswahili cha amri anakijua tangu hajajua kutembea.

Hadithi yenyewe ni ya malale. Wengi wa rika langu hawajui kwamba kati ya 1900 na 1920 ugonjwa huo uliua watu wanaokadiriwa kufika robo milioni huku kwetu, Busoga na kando ya Ziwa Victoria hasa. Mwaka 1906 Robert Koch, yule Mjerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alipiga kambi Visiwa vya Ssese, humohumo ziwani, akawadunga wagonjwa atoxyl, dawa yenye sumu ya aseniki. Wapo waliopata nafuu ya muda. Wapo waliopofuka. Baadaye serikali ya kikoloni ikawahamisha wakazi wa visiwa ili kuwatenga na mbung'o. Sasa hapo unahitaji kubuni mashetani ya nini? Mhusika wetu ni mwenye mtumbwi anayevusha wagonjwa kwenda kwa daktari, na wimbo wa mwisho anavushwa yeye, haoni.

Mgonjwa wa malale husinzia mchana, usiku hakamati usingizi, na akili inamtoka polepole. Kwa hiyo tukapanga kila wimbo uwe wa mwendo wa taratibu kidogo kuliko uliotangulia, na ndani ya wimbo wenyewe mwendo ulegee bila msikilizaji kushtuka. Kuharakisha kila bendi inaweza, hasa ikishaona watu. Kulegea wote kwa pamoja, hiyo jaribuni mtaniambia. Dawa ni kumtazama mpiga dramu mguu. Ukimsikiliza tu umeshachelewa.

Studio ya kwanza ilikuwa Kampala. Prodyuza ni fundi mzuri kabisa wa nyimbo za kuchezea. Akataka kutupa klik masikioni, yaani mlio wa kompyuta unaoshika mwendo usibadilike, tukakataa, tukamweleza habari ya mgonjwa, akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Tukarekodi tangu asubuhi, tukatoka kwenda kula rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai. Kurudi, kompyuta imeshanyoosha kila pigo la dramu kwenye mstari. Mgonjwa wetu kapona! Naye anatabasamu: "Nimewaokoa, kaka, dramu zenu zilikuwa zinachelewa." Sauti ya mwimbaji, ambaye hapo anatakiwa kuwa anakata roho, alikuwa ameipitisha kwenye ile programu ya kusahihisha noti, ikatoka inameremeta, tayari kwa harusi. Tukalipa, kama laki nane hivi pamoja na soda, tukaondoka na faili ambazo hadi leo sijazifungua.

Mpiga besi ana mjomba Masaka mwenye stoo ya kahawa. Ukitaka dramu zisipige mwangwi wa mabati, hakuna kitu kinachoshinda gunia la kiboko, ile robusta iliyokaushwa na maganda yake. Magunia yalikuwa yamepangwa pande tatu hadi karibu na paa. Piga kofi, sauti inafia hapohapo. Mchana ni wa wapakiaji, kwa hiyo tulirekodi usiku, wimbo baada ya wimbo kwa mpangilio wa hadithi. Maiki moja niliiweka nje ya mlango, wote wakaniona kichaa mpaka mvua ilipokuja. Vumbi la kahawa linakwaruza koo, ila mwimbaji aliacha kulalamika alipojisikia kwenye spika. Mjomba alikataa pesa, akataka tulipe umeme na chakula cha mlinzi. Mlinzi alikula sana.

Tulikuwa tumemaliza nyimbo nne bei ya kahawa ilipopanda. Lori likaja, mjomba akauza yote. Jioni tunafungua mlango: saruji na mabati matupu. Mpiga besi akataka twende kuazima magodoro. Nikasema hapana, hebu pigeni kwanza. Pigo moja la dramu likazunguka stoo nzima likarudi limechelewa. Na wimbo wa tano ndio ule ambao kisiwa kinahamwa! Sikiliza albamu utaona: mwanzoni sauti zimebanana, watu wamejaa, halafu kuanzia wa tano hakuna mtu. Wanamuziki wananiuliza tulitumia programu gani ya mwangwi. Nawajibu bei ya kahawa.

Sauti ya askari tuliirekodi kwa kumwingiza mpiga dramu kichwa ndani ya tenki tupu la maji, maiki ikining'inia humo. Aliposoma amri ya kuhama, mlinzi wetu, ambaye zamani alikuwa jeshini, aliweka sahani chini akasimama wima.

Miksi niliifanya mwenyewe kwenye laptopu. Ukimpa mtu akumalizie sauti, mwandikie kwa herufi kubwa ASINYOOSHE KITU, na umpigie simu pia, maana hawasomi.

Jukwaani bado tunagombana na dakika. Mapromota wanatoa nusu saa, hadithi inataka karibu saa nzima, na tukikatwa katikati mgonjwa hafi. Kwa hiyo siku hizi tunakubali shoo ambazo sisi ndio wa mwisho, wakati mwenye baa ameshalewa na haangalii tena saa.