Kutengeneza muziki kwa simu bila kuigawa sauti yangu

Ninatunga na kurekodi muziki kwa simu, na programu ninayoitafuta lazima itimize masharti mawili: inirahisishie kazi ya kurekodi, na isiipeleke sauti yangu mahali ambapo sikuituma. Masharti haya huzungumzwa kana kwamba kila moja lina ulimwengu wake, la kwanza likiwa la wanamuziki na la pili la wataalamu wa usalama wa mitandao. Katika matumizi ya kila siku nimeona yanakutana mahali pamoja, kwa kuwa pale programu inapomsumbua mtumiaji ndipo mara nyingi inapomwomba kitu, na mtu aliyechoka kusumbuliwa hubonyeza "kubali" ili aendelee na wimbo wake.

Ugumu unaanzia kwenye maikrofoni. Kikokotoo kikiomba kusikiliza, mtu yeyote atashtuka, lakini programu ya muziki ina sababu halali ya kuomba hivyo, na kwa hiyo ruhusa hutolewa bila kufikiriwa. Ilhali rekodi ghafi hubeba mengi kuliko wimbo uliokamilika: mashairi ambayo hayajatoka, mazungumzo kati ya jaribio moja na lingine, jina la mtoto anayeitwa chumba cha pili, na sauti yenyewe, ambayo ni alama ya mtu kama ulivyo uso wake na ambayo siku hizi inaweza kuigwa na kompyuta kutokana na kipande kifupi tu. Nenosiri likivuja, unaweka lingine. Sauti huna nyingine ya kuweka.

Jaribio langu la kwanza kwa kila programu mpya ni la kuzima mtandao. Ninaisakinisha, na kabla sijaifungua ninaiweka simu katika hali ya ndegeni, kisha ninajaribu kazi nzima kwa ufupi: kuweka mdundo, kurekodi traki ya sauti, kuhifadhi, kufunga, kufungua tena, na mwisho kutoa faili ya WAV, yaani ya sauti isiyobanwa. Kurekodi, kuchanganya na kuandika faili ni kazi za simu yenyewe, na hakuna hatua hata moja kati ya hizo inayohitaji seva ya mtu mwingine. Pamoja na hayo, baadhi ya programu hazikuvuka ukurasa wa kufungua akaunti. Moja iliniruhusu kurekodi vizuri kabisa, ikakataa kutoa faili hadi niunganishwe na intaneti. Yaani niliweza kuingiza sauti yangu bila mtandao, lakini kuitoa nilihitaji idhini. Niliifuta hapohapo. Programu inayohitaji mtandao ili kupakua vifurushi vya ala siilaumu, kwa maana hilo linaeleweka.

Kufaulu jaribio hilo hakutoshi, kwa sababu programu inaweza kulimbikiza taarifa zake na kuzituma mtandao unaporudi. Kwenye simu za Android ninaangalia katika mipangilio ni kiasi gani cha data programu imetumia, na programu ya ngoma isiyo na huduma yoyote ya mtandaoni lakini inayokula data kila siku inajieleza yenyewe. Kwenye iPhone, tangu iOS 15.2 ya mwaka 2021, ipo ripoti ya faragha inayoonyesha kila programu imewasiliana na anwani zipi za mtandao katika siku saba zilizopita na imegusa lini maikrofoni au mahali ulipo. Anwani nyingi nilizozikuta ni za kampuni za matangazo na za takwimu za matumizi, wala si za watengenezaji wa programu. Kwa Android kuna jambo linaloudhi: mfumo wa kawaida haumpi mtumiaji swichi ya kuinyima programu intaneti moja kwa moja, anachoweza ni kuizuia kutumia data ikiwa haiko mbele ya skrini. Kwa hiyo, kwa kazi ya kunasa mawazo ya awali ya nyimbo, nilichagua programu ambayo haiombi ruhusa ya intaneti kabisa. Haina matangazo, maana haina njia ya kuyaleta, na niliilipia mara moja tu.

Kuhusu ruhusa nyingine, hali imekuwa bora kuliko zamani. Kabla ya Android 6.0 ya mwaka 2015 mtumiaji alikubali ruhusa zote kwa pamoja wakati wa kusakinisha, au aliikosa programu. Tangu Android 11 ya mwaka 2020 ninaweza kutoa maikrofoni kwa mara moja tu, na hivyo ndivyo ninavyofanya, hata kama swali linarudi kila ninapoifungua programu. Isitoshe, iOS 14 ilileta nukta ya rangi ya chungwa, na Android 12 nukta ya kijani, inayowaka maikrofoni inapotumika. Nukta hiyo inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Katika programu moja niliiona ikiwaka muda wote nilipokuwa nikipanga ngoma tu, bila kurekodi chochote. Mtu angeweza kuhitimisha kwamba anasikilizwa kwa siri, lakini ipo sababu ya kiufundi: programu nyingi za sauti hufungua njia ya kuingia na ya kutoka kwa pamoja tangu mwanzo ili kitufe cha kurekodi kiitikie papo hapo. Nukta inathibitisha kwamba maikrofoni iko wazi. Haithibitishi kwamba sauti inakwenda popote. Nilichofanya ni kuinyima maikrofoni hadi nifike kwenye hatua ya kuimba, na programu nzuri iliendelea kunipa ngoma na kinanda kama kawaida.

Kisa kilichonifundisha zaidi ni cha kibodi ya MIDI (lugha ambayo ala za kielektroniki hutumia kupelekeana noti) inayotumia Bluetooth. Niliiwasha, nikabonyeza kitufe cha kuitafuta, na badala ya orodha ya vifaa nikaletewa swali kama ninairuhusu programu kujua mahali nilipo. Hakukuwa na sentensi hata moja ya maelezo. Kinanda na ramani vina uhusiano gani? Uhusiano upo, na si hila ya mtengenezaji: simu inayotafuta vifaa vya Bluetooth huona pia vifaa vidogo vya kurusha mawimbi vilivyowekwa madukani na viwanjani, na anayejua vilipo anaweza kukisia ulipo, ndiyo maana Android, kuanzia toleo la 6.0 hadi la 11, ilidai ruhusa ya mahali kabla ya utafutaji huo. Android 12 ilitenganisha mambo haya kwa kuleta ruhusa ya vifaa vilivyo karibu, ila simu za zamani zingali mikononi mwa watu. Hasara ni kwamba ruhusa ikishatolewa kwa ajili ya kinanda, hakuna kinachoizuia kutumiwa kwa matangazo. Mimi nilinunua kebo ya USB. Kibodi ilitambuliwa mara moja bila kuuliza nilipo, na noti zikaanza kufika upesi zaidi kuliko zilivyofika kwa Bluetooth.

Hapo ndipo suala la kuchelewa kwa sauti linapoingia, na ndilo linalowakatisha wengi tamaa. Simu hushughulikia sauti kwa mafungu. Kwa kasi ya sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, fungu la sampuli 256 huchukua takriban milisekunde 5.3, na la sampuli 1,024 huchukua takriban milisekunde 21.3, sauti hupita kwenye mafungu ya kuingia na ya kutoka, na juu yake huongezeka muda wa vifaa vyenyewe. Mwimbaji anayejisikia kwa kuchelewa hujikuta akiufuata mwangwi wake na kuukosa mdundo. Hedifoni za Bluetooth huzidisha tatizo kwa makumi au mamia ya milisekunde, kwa hiyo wakati wa kurekodi ninavaa za waya bila mjadala, ninapunguza fungu ninapoimba, na kulikuza tena ninapochanganya ili simu isikwaruze. Mpangilio huu ni wa msingi kama kupiga tyuni gitaa, ila nimekutana na programu zinazouficha nyuma ya usajili wa kila mwezi, na usajili huo nyuma ya akaunti yenye barua pepe na tarehe ya kuzaliwa.

Vitufe vinavyofanya kazi kwa muujiza navyo vinastahili mashaka. Kitufe cha kuondoa kelele, cha kunyoosha sauti iliyopotoka au cha kutenganisha sauti ya mwimbaji na ala katika rekodi kinaweza kufanya kazi ndani ya simu, au kinaweza kuipakia rekodi yako yote kwenye seva na kukurudishia matokeo, na kwenye skrini vyote viwili vinaonekana vilevile, pamoja na kile kiduara kinachozunguka. Ninavibonyeza nikiwa katika hali ya ndegeni. Kinachofanya kazi ni cha simu. Kinacholalamika kuhusu muunganisho kimejitaja.

Skrini ndogo nayo ina lawama zake. Miongozo ya Google kwa watengenezaji inapendekeza kila kitu cha kuguswa kiwe na upana wa angalau dp 48 (dp ni kipimo cha skrini), ambao ni takriban milimita tisa, na ile ya Apple inapendekeza pointi 44. Programu nyingi za muziki huiga sura ya meza ya studio na kubana vitasa vya kuzungusha hadi kidole kimoja kinagusa viwili. Linaloniudhi zaidi ni dirisha la kuhifadhi nililolikuta katika programu moja: kitufe kipana chenye rangi kali kilichosema "Chapisha", chini yake swichi ya kuufanya wimbo uonekane na watu wote ikiwa imeshawashwa, na chini kabisa, kwa maandishi ya kijivu yaliyofifia, maneno ya kuhifadhi kwenye simu. Aliyelipanga alijua kidole kinakwenda wapi.

Rafiki yangu asiyeona, anayepiga kinanda vizuri kuliko mimi, alinionyesha upande ambao nisingeuona. Alifungua programu moja huku TalkBack, kisoma skrini cha Android, ikimsomea, na kila alipogusa alisikia "kitufe, kitufe, kitufe", kwa sababu mtengenezaji hakuvipa vitufe majina. "Ndugu yangu," aliniambia, "hapa ni lazima nimpe mtu simu anisomee, na nikishampa anasoma na yale ambayo si ya kwake." Katika programu hiyo hakuweza kujua kwa uhakika kama swichi ya kushiriki data imewashwa au imezimwa. Tangu siku hiyo ninawasha kisoma skrini kwa muda mfupi katika kila programu ninayoifikiria, na ile iliyopuuza majina ya vitufe nimeizoea kuiona ikipuuza na mengine.

Masharti ya matumizi siyasomi neno kwa neno. Ninatafuta aya ya leseni juu ya kazi za mtumiaji. Huduma inayowasikilizisha wengine wimbo wako inahitaji leseni fulani ili kufanya hivyo kihalali, kwa hiyo kuwepo kwa aya hiyo si kosa. Ninaangalia kama leseni imefungwa kwenye kuendesha huduma tu, kama inakoma ninapofuta wimbo, na kama ina maneno mapana ya "kuboresha bidhaa" au kufundishia mifumo ya akili mnemba. Maneno hayo yakiwemo, sauti yangu haiingii humo.

Kwa programu nilizoziacha, niliomba nakala ya taarifa zangu kabla ya kufunga akaunti. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data binafsi, GDPR, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inazitaka kampuni kujibu maombi kama haya ndani ya mwezi mmoja kwa kawaida, na baadhi zimeweka fomu inayoweza kutumiwa na mteja yeyote. Katika faili niliyoletewa na kampuni moja kulikuwa na aina ya simu yangu, nyakati nilizofungua programu, na majina ya rasimu ambazo kwenye simu nilikuwa nimeshazifuta. Kuondoa programu hakufuti akaunti. Ni lazima akaunti yenyewe ifutwe, na tangu tarehe 30 Juni 2022 Apple inazitaka programu zinazofungua akaunti ziwe na njia ya kuifuta humohumo.

Kazi zangu sasa zinakaa nje ya programu yoyote. Wimbo ukikamilika ninatoa kila traki peke yake kama WAV, zote zikianzia sekunde ya sifuri, pamoja na faili za MIDI, muundo wa tangu miaka ya 1980 ambao bado unasomwa karibu kila mahali. Stereo ya biti 24 kwa sampuli 48,000 huchukua takriban megabaiti 17 kwa dakika, na traki ya sauti ya mono nusu yake, kwa hiyo kadi ya kumbukumbu inatosha. Majina ya faili ninayabadilisha pia, kwa kuwa baadhi ya vinasa sauti vya simu huzipa rekodi jina la mahali zilipofanyiwa.

Kilichobaki kigumu ni kushirikiana na watu walio mbali, kwa sababu kuhariri wimbo mmoja kwa wakati mmoja hakuwezekani kirahisi bila seva katikati. Wenzangu nami tumekubaliana kutumia akaunti zisizo na majina yetu halisi na kupakia ngoma, besi na kinanda tu. Sauti za waimbaji kila mmoja anazirekodi kwenye simu yake juu ya mchanganyiko wa muda, kisha anamtumia anayekamilisha kazi faili ya WAV kwa ujumbe uliosimbwa kwa njia fiche. Inachukua muda mrefu zaidi, na mara kwa mara mtu husahau kuandika kasi ya wimbo, ikabidi tuulizane upya.