Nilivyowasimulia wanagenzi wangu habari za fundi nguo aliyekuwa rais

Vijana ninaowafundisha ushonaji hawana habari na historia. Ukitaja mwaka tu, macho yanahamia kwenye simu. Kwa hiyo habari za Andrew Johnson, rais wa 17 wa Marekani, nilizianzia kwenye tangazo la gazetini la 1824: fundi James Selby wa Raleigh, North Carolina, anatoa dola 10 kwa atakayemrudishia wanagenzi wawili waliotoroka, Andrew na kaka yake William, au hata Andrew peke yake. Wakacheka. Mmoja akauliza yeye ningemtangaza kwa shilingi ngapi.

Nikawaambia wazime cherehani. Enzi zile hazikuwepo. Kila mshono ulikuwa wa mkono, fundi kakunja miguu juu ya meza. Ukimya huo ndio uliowezesha mtu kuja karakanani kuwasomea mafundi hotuba huku wakishona. Johnson hakusoma shule hata siku moja. Utamu wa siasa aliuonjea hapo. Baadaye, Greeneville, Tennessee, mkewe Eliza alimsaidia kuandika na kupiga hesabu. Udiwani, umeya, ubunge, ugavana, useneta niliviruka haraka mpaka Aprili 1865, Lincoln alipouawa na yeye, makamu wake, akaapishwa.

Kazi ilikuwa kueleza kesi ya 1868. Alimfukuza Waziri wa Vita, Edwin Stanton, bila ridhaa ya Seneti, na Baraza la Wawakilishi likamshtaki. Sasa theluthi mbili ya maseneta utaielezaje kwa watu wanaosubiri chai? Nikamwaga vifungo 54 kwenye meza ya kukatia, kila kimoja kura ya seneta mmoja: vya koti 35, ana hatia, vya shati 19, hana. Ili ang'oke vilitakiwa 36. Kijana mmoja akavihesabu upya, hakuniamini.

Walitaka niishie hapo, fundi mwenzao kapona. Nikakataa, maana Stanton alikuwa kisingizio. Ugomvi wenyewe ulihusu watumwa walioachwa huru. Mwaka 1866 Johnson aliukataa mswada wa kuwapa haki za kiraia, Bunge likaupitisha bila yeye. Na kabla ya hapo alishamiliki watumwa.

Yule mhesabuji akasogeza kifungo kimoja cha shati upande wa koti. "Fundi, sasa zimetimia."

Nikamwambia hazikutimia, na mwaka 1875 Tennessee ilimrudisha kwenye Seneti ileile kama seneta. Wakabishana wenyewe kwa wenyewe mpaka mteja wa suti akaingia.