Pomboo na kereng'ende, Sahare, Tanga, leo asubuhi

Maji yamejaa leo, pomboo wanne wamepita karibu kabisa na ngalawa. Huku juu ya mikoko kereng'ende tele, kaskazi imewaleta.

Ubishi ukaanza: nani mwindaji hodari?

Pomboo huwinda kwa sauti. Milio inatokea kwenye njia ya pua, chini ya tundu la kichwani. Mafuta ya kwenye paji huielekeza mbele, na mwangwi hurudi kupitia mafuta ya taya la chini mpaka sikioni. Tope halimzuii. Ila uzi mwembamba wa wavu wa jarife humponyoka, na akinasa hafi kwa jeraha. Anakosa kupanda juu kuvuta hewa.

Kereng'ende ni macho. Jicho moja la baadhi yao lina vijicho kama 30,000. Hamkimbizi mbu kutoka nyuma; anakadiria mbu atakapofika, anamkata njia, kisha anamzoa kwa miguu 6 yenye miiba iliyokunjwa kama kikapu. Kwenye majaribio amewahi kukamata hadi 95 kati ya 100. Hapo pomboo akae pembeni!

Lakini kilichowanyamazisha wote ni hiki: mtoto wa kereng'ende huishi majini, na matamvua yake yako ndani ya tundu la haja. Akishtuka, anayafyatua maji kwa nyuma na kuchomoka.

Mnyama wa baharini anavuta hewa, mdudu wa hewani kakulia majini.

Wa Kigombe na Pangani, pomboo wamefika huko leo? Na kereng'ende kwenu mnamwitaje?