Kulisha watoto wa aksolotli: chakula lazima kicheze

Mwanzo wa Machi. Mayai ya aksolotli, amfibia wa majini wa jamii ya salamanda, yameanza kupasuka. Watoto wana urefu wa kama sentimita moja, miguu hawana, matamvua yamechomoza pembeni mwa kichwa kama vinyoya. Siku mbili tatu za mwanzo siwapi kitu, maana bado wanaishi kwa kiini kilichobaki tumboni. Umanjano wa tumbo ukiisha, najua njaa imeingia.

Sasa ndiyo kazi. Mtoto wa aksolotli hagusi kitu kilichotulia. Anangoja kitu kipite mbele ya pua, halafu anakifyonza mara moja, hata jicho halifuati. Ukimwagia chakula cha unga cha samaki, kinazama na kuoza. Kwa hiyo ninaangua artemia, wale kamba wadogo sana wa maji ya chumvi. Nimekata vitako vya chupa mbili za soda, nikazipindua, kila moja ina lita ya maji na gramu 25 hivi za chumvi isiyotiwa madini joto. Pampu ya hewa haizimwi, na joto ni nyuzi 26 hadi 28. Baada ya saa 24 hadi 36 maji yanageuka rangi ya chungwa. Chupa ni mbili ili hii ikivunwa, ile iwe njiani.

Wakati wa kuvuna nazima pampu, maganda ya mayai ya artemia yanapanda juu. Taa naiweka karibu na shingo ya chupa huku chini, artemia wanaifuata. Nawachuja kwa kitambaa chepesi, nawasuuza chumvi itoke, kisha nawagawa kwa bomba la sindano. Hawafai kuwekwa: kadiri saa zinavyopita tangu waanguliwe ndivyo lishe yao inavyopungua. Wasioliwa hufia kwenye maji yasiyo na chumvi baada ya saa chache, ndiyo maana kila siku nabadilisha maji yote. Ya watoto nayaweka kwenye nyuzi 18.

Katikati ya Machi. Miguu ya mbele imetokeza! Kiluwiluwi cha chura huanza na ya nyuma, hawa kinyume chake. Lakini umri huu ndio wa kung'atana, kwa sababu mguu wa ndugu nao unacheza. Nimewatenga kwa ukubwa na kuongeza mlo, asubuhi na jioni. Mmoja alikatwa mguu wa kushoto. Leo penye jeraha pana kinundu cheupe, mguu mpya unaota. Nimemtazama muda mrefu kwa lenzi, na bado nastaajabu.

Kwao, kwenye mifereji ya Xochimilco huko Mexico, wamebaki wachache mno porini, kwa hiyo kila mmoja hapa nampa uzito wake.

Mwisho wa Machi. Wakubwa wamevuka sentimita 2 na wanamudu dafnia, vijidudu vya maji yasiyo na chumvi. Wakishapata miguu yote minne nitaanza kuwapa nyungunyungu waliokatwakatwa, nikiwachezesha kwa kibano. Chupa moja ya artemia inaendelea kwa ajili ya wadogo.