Kitambi na tezi dume: kwa nini naanza na futi kamba

Mwanaume akija kliniki akaniambia mkojo unamtoka kwa kukatika-katika, kitu cha kwanza ninachoshika ni futi kamba. Wengi hushangaa: wamekuja kwa ajili ya tezi dume, nesi anawapima kiuno! Nikiwazungushia, karibu wote huvuta tumbo ndani. "Mzee wangu, pumua, liachie tu." Kikizidi sentimita 94, nataka na sukari yake ipimwe.

Umri ndio unaoongoza, hilo silipingi. Kwenye miaka ya hamsini karibu nusu ya wanaume tezi zao zimeshaanza kutanuka. Lakini kitambi nacho hakijakaa bure. Mafuta ya tumboni yana kimeng'enya kinachogeuza testosteroni (homoni ya kiume) kuwa estrojeni (homoni ya kike). Mwili ukiwa sugu kwa insulini, homoni ya kushusha sukari, kongosho huimwaga kwa wingi, na ikizidi huwa mbolea kwa seli za tezi. Isitoshe, mishipa ya fahamu huchangamka na kukaza misuli ya tezi na ya shingo ya kibofu. Ndiyo maana nimeona wenye tezi ya wastani wakihangaika chooni kuliko wenye tezi kubwa. Huko Baltimore, Marekani, wanaume walifuatiliwa kwa miaka mingi: wenye unene wa kupindukia walikuwa na hatari ya tezi kutanuka mara 3.5 ya wenye uzito wa kawaida.

Kinachoniuma ni mtu kumeza dawa za tezi miezi na miezi, na bado usiku halali. Huyo nampa jagi lenye alama za mililita na daftari. Kila akikojoa, mchana na usiku, apime, aandike saa na kiasi. Akirudi, daftari linasema lenyewe. Anayeamka mara nne akitoa kidogo kidogo, kibofu na tezi vinahusika. Anayejaza jagi kila akiamka, mwili wake unatengeneza mkojo mwingi usiku, na hapo nauliza sukari, miguu kuvimba jioni, na kukoroma. (Kukoroma muulize mke, mwenyewe hajui.) Dawa ya tezi haitamtibu huyu.

Simwahidi mtu kwamba akipungua kilo tezi itanywea. Iliyokwisha kutanuka hairudi kirahisi. Ninachomwambia ni kwamba wanaotembea na kutoa jasho mara kwa mara hupata shida hizi kwa uchache kuliko wanaoshinda wamekaa, na sukari ikitulia safari za usiku hupungua.

Halafu kuna PSA, kipimo cha damu cha kuchunguza saratani ya tezi dume. Mwili mkubwa una damu nyingi, kwa hiyo kipimo hiki huweza kusoma chini kwa mtu mnene, na jibu zuri likamlaza usingizi asiostahili. Ukienda kusomewa majibu, hakikisha daktari ana uzito wako wa siku hiyo mezani.