Nilivyojifunza flashi kabla sijaishika

Kwa miaka mingi nilipiga picha kwa mwanga wa dirishani tu. Flashi niliiogopa. Mwanga wa jua unauona ulipoangukia hata kabla hujainua kamera, lakini flashi inamulika mara moja na kuzimika, nawe unabaki kukisia. Kisha rafiki yangu, mkufunzi wa wauguzi, akaniomba niwapige picha wakufunzi wenzake kumi na wawili, mmoja mmoja, ndani ya chumba chao cha mazoezi kisicho na dirisha hata moja. Nikakubali. Nilikuwa na wiki tatu, na flashi sikuwa nayo.

Nilichokuwa nacho ni kompyuta. Nikapakua programu ya kuiga studio: ndani yake kuna mtu ameketi kwenye stuli, kuna kamera, kuna taa unazosogeza kwa kipanya, na kila ukigusa kitu picha inabadilika papo hapo. Usiku wa kwanza nilichezacheza tu, sikuambulia chochote. Kilichonisaidia ni daftari. Kabla ya kusogeza taa niliandika nitakachokiona: kivuli cha pua kitaelekea wapi, shavu la pili litakuwa na giza kiasi gani. Ndipo nikasogeza.

Nilikosea sana. Taa iliyokuwa mita moja kutoka usoni niliipeleka mita mbili, nikaandika kwamba mwanga utapungua nusu. Ikabaki robo. Nikaipeleka mita tatu, ikabaki sehemu moja ya tisa. Kanuni hiyo niliisoma kwenye fizikia na mtihani nikaujibu vizuri, ila sikuwahi kuiona ikipita usoni mwa mtu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wapiga picha huisogeza taa karibu wakitaka ukuta wa nyuma uwe mweusi: uso uko nusu mita, ukuta uko mita tatu, na kinachoufikia ukuta ni sehemu moja ya thelathini na sita.

Kuna jambo jingine lililonivutia mpaka nikalifuatilia. Kila niliposogeza taa, picha ilitokea kwanza imejaa chembechembe kama mchanga, kisha ikatakata polepole. Kumbe kompyuta haiwezi kufuata kila mwali wa mwanga, kwa hiyo inachagua njia chache za miale kwa kubahatisha, inaona zinadunda wapi, inachukua wastani, inarudia. Ukitaka chembechembe zipungue nusu, sharti uongeze miale mara nne. Kutafuta jibu kwa kubahatisha hivi kuna historia nzuri. Mwaka 1946 mwanahisabati Stanislaw Ulam alikuwa akijiuguza, akicheza karata peke yake, akajiuliza uwezekano wa kushinda ni upi. Kuukokotoa kukamshinda. Akaona ni rahisi zaidi kuzipanga karata mara mia hivi na kuhesabu ameshinda mara ngapi. Yeye na mwanahisabati mwenzake John von Neumann wakaipeleka njia hiyo kwenye mwendo wa nyutroni, chembe ndogo za ndani ya atomu, na mwaka 1986 mtaalamu wa kompyuta James Kajiya akaonyesha jinsi ya kukokotoa mwanga wa picha za kompyuta kwa kubahatisha vilevile. Nilikaa usiku ule nikitazama mchanga ukitoweka kwenye shavu la mtu asiyekuwapo, nikafurahi kwelikweli.

Siku ya kazi niliazima flashi moja na mwavuli mweupe wa kutawanya mwanga wake. Mkufunzi wa kwanza akaketi. Nikatazama kwenye kamera: giza tupu. Kamera yangu nayo huiga, inakuonyesha mapema picha itakavyotoka kwa mipangilio uliyoweka, lakini haijui kwamba kuna flashi itakayowaka. Nikauzima uigaji huo kwenye menyu, nikamwona mtu wangu, nikabonyeza. Picha ikatoka na uso mzuri, halafu kuanzia kifuani kushuka chini ni weusi mtupu, umekatwa kwa mstari ulionyooka kama wa rula.

Nilidhani kamera imeharibika. Haikuwa imeharibika. Mbele ya kihisi, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, kuna mapazia mawili: la kwanza linafungua, la pili linafuata kufunga. Kamera nyingi zikivuka 1/200 au 1/250 ya sekunde, pazia la pili huanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua, kwa hiyo hakuna hata punje ya wakati ambayo kihisi chote kiko wazi. Flashi inawaka kwa muda mfupi mno na kulikuta pazia limeshaziba sehemu. Nilikuwa kwenye 1/400, kwa sababu ndivyo nilivyozoea kwenye programu, na programu ile haikuwa na mapazia. Nikashuka hadi 1/160, weusi ukaondoka.

Sasa uso ulionekana wote, lakini umekuwa bapa. Kile kivuli cha shavuni nilichokifanyia mazoezi wiki tatu hakikuwapo. Kuta za chumba kile ni nyeupe, dari ni ya chini, na mwanga ulikuwa unadunda kila upande na kuujaza upande wa giza. Rafiki yangu akavua shuka la bluu iliyokolea kwenye kitanda cha mazoezi, tukalitundika hatua moja kutoka shavuni. Kivuli kikarudi.

Kitandani palikuwa pamelala mdoli wa kufundishia kubonyeza kifua moyo unaposimama. Nikamuuliza rafiki yangu kama wanafunzi hawamzoei wakasahau kwamba mgonjwa ni mtu. Akanijibu, "Tumemweka ili wamkosee yeye. Kina cha sentimita tano hadi sita, mara mia hadi mia na ishirini kwa dakika, mkono hauwezi kuyajua hayo kwa kusoma. Ila siku ya kwanza kabisa nawaambia: huyu hatapiki, mbavu zake hazivunjiki, na mama yake hajasimama mlangoni analia."

Nililiandika hilo kwenye daftari pale pale. Mimi nilikuwa nimejua programu inachonifundisha; sikuwahi kuorodhesha isichokuwa nacho. Orodha ikaendelea kukua mchana ule. Mkuu wao alivaa miwani, na mwavuli wote ukaonekana umechorwa kwenye vioo. Nikapandisha taa juu zaidi, nikamwomba, "Mama, naomba uinue kidogo mikono ya miwani juu ya masikio," vioo vikainama, mwavuli ukatoweka. Mtu wa kwenye programu hakuwa na miwani.

Usiku nilikijenga chumba kile upya kwenye kompyuta, safari hii na kuta nyeupe na dari ya chini. Kivuli kikapotea kama kilivyopotea mchana. Nikaweka kipande cheusi kando ya shavu, kikarudi. Nilifarijika, maana uigaji haukuwa umenidanganya kuhusu kuta; mimi ndiye niliyekuwa nimeupa chumba kisichokuwapo. Wanasayansi waliotoa picha ya shimo jeusi la galaksi ya M87 mwaka 2019 walifanya jambo la namna hiyo: kabla ya kuziamini programu zao za kuunda picha, walizilisha data bandia za maumbo waliyoyajua, pete, hilali, hata diski isiyo na tundu, waone kama programu ingeweza kubuni pete mahali ambapo haipo.

Rafiki yangu ameniomba nirudi kuwapiga picha wanafunzi. Safari hii nimemtangulizia maswali: rangi ya kuta za chumba watakachonipa, urefu wa dari, na wangapi wanavaa miwani. Amenijibu watatu. Kasi nimeshaiandika juu ya ukurasa: 1/160.